Jiji Halilipi Risiti ya Fundi

"Paa nimeshatengeneza, na risiti ninayo. Niipeleke ofisi gani ya jiji wanirudishie pesa yangu?"

Ofisi hiyo haipo. Si kwamba umechelewa siku mbili, wala si kwamba umekosa mtu wa kukusemea. Swali hili huulizwa Louisville, Columbus, Pittsburgh na kila mji wa Marekani ambako familia kutoka Kongo, Burundi au Tanzania zimeacha kupanga zikanunua nyumba kuukuu za bei nafuu, zile ambazo muuzaji alijua fika kwamba hita imebakiza msimu mmoja wa baridi. Anayeuliza huwa ameshaambiwa na watu wanne kanisani au msikitini kwamba jiji husaidia wenye kipato kidogo. Hilo ni kweli. Walichoongeza baadaye, kwamba unatengeneza kwanza kisha unadai, ndicho kinachowaangamiza watu, na mimi nimechoka kukisikia.

Fedha hizi zina mkondo wake. Sehemu kubwa hutoka kwenye mfuko wa serikali kuu uitwao Community Development Block Grant, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Wizara ya nyumba iliyoko Washington huzigawa kwa miji, na kila mji hujipangia mradi wake, lakini masharti ya Washington husafiri pamoja na fedha. Kabla mji haujajifunga kulipia kazi yoyote, lazima faili lionyeshe kwamba mwenye nyumba amepimwa kipato na amestahili, kwamba ukaguzi wa mazingira umefanyika au imeonekana kwamba hauihusu nyumba hiyo, kwamba mkaguzi ameuona uharibifu kwa macho yake, na kwamba bei ya kazi imepatikana kwa utaratibu wa jiji. Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani, kuna kanuni nyingine za nani aruhusiwe kukwangua ukuta, avae nini na vumbi alisafisheje.

Sasa niambie, mkaguzi atakagua nini kwenye paa jipya? Uharibifu aliopaswa kuuona uko jalalani. Fundi wako wa Jumamosi, hata akiwa hodari kuliko wote wa jiji, hakushindanishwa na mtu, na kama aling'oa madirisha ya mwaka 1950 bila cheti cha kushughulikia rangi ya risasi, hakuna afisa mwenye akili timamu atakayeweka sahihi yake chini ya kazi hiyo. Risiti haisaidii kitu, maana hakuna aliyekuwa akibisha kwamba ulilipa.

Watu husikia neno msaada wakafikiri ni pesa inayopita mikononi mwao. Hapana. Jiji ndilo linalonunua kazi. Linamkagua mkandarasi, linamlipa. Wewe unatoa nyaraka na unafungua mlango. Ukishainunua kazi hiyo mwenyewe, jiji halina tena cha kununua.

Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Bima ya nyumba hurudisha gharama za kuzuia hasara baada ya tukio la ghafla, ukiwa na risiti. FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu, nayo huweza kurudisha baadhi ya gharama, lakini hiyo ni baada ya rais kutangaza maafa katika eneo lako. Basi mtu aliyepitia mafuriko Houston anahamia Ohio na ushauri wake mkononi, anamgawia shemeji yake, naye hita yake imekufa kwa uzee tu. Uzee wa hita haujawahi kutangazwa kuwa maafa na rais yeyote. Bima nayo itakwambia hivyo hivyo, kwamba hailipii uchakavu.

Hapo ndipo hunijia ile hoja ya machozi: "Sasa ulitaka watoto walale kwenye baridi?" Sikutaka. Lakini dharura hukusogeza mbele kwenye foleni tu. Hatua zenyewe hubaki katika mpangilio wake. Tofauti ambayo ningependa kila mwenye nyumba aijue ni kati ya kuzuia na kutengeneza. Kuzuia ni wajibu wako, na hakukuharibii ombi. Funga koki kuu ya maji. Zima umeme wa chumba chenye nyaya zinazonuka moshi. Tandika turubai juu ya paa. Ukisikia harufu ya gesi, toka nje na watoto wote ndipo upige simu. Piga picha kabla hujagusa kitu, na vipande vilivyovunjika usivitupe. Kutengeneza ni kununua hita mpya, kuezeka upya, kuchimbua bomba la maji taka. Hapo ndipo unaposubiri jibu, na jibu liwe la maandishi. "Yule dada wa mapokezi alisema nitapata" si jibu.

Na baridi ikizidi, usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, wala usiache oveni ya gesi wazi ipashe joto sebule. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu. Zaidi ya watu 400 hufa kwayo nchini Marekani kila mwaka kwa bahati mbaya tu, bila moto wowote kuwaka. Hita ndogo ya umeme, chumba kimoja, familia nzima humo, waya wake uchomekwe moja kwa moja ukutani. Inatosha kwa usiku mmoja au miwili.

Imani ya kurudishiwa ina wauzaji wake pia. Ikipiga mvua ya mawe leo, kesho yuko mlangoni kijana ana fulana yenye nembo, ana kompyuta kibao, amepiga picha ya paa lako kutoka barabarani na tayari anajua limeharibika. Anasema anafanya kazi "na jiji", na kwamba serikali itakurudishia yote. Unachosaini ni mkataba kati yako na kampuni yake, na jiji halimo. Usipolipa, sheria za majimbo humruhusu mkandarasi kusajili deni lake juu ya nyumba yako, na deni hilo lisipomalizwa laweza kufika mahakamani. Wanaohofia kupeleka fomu ya jiji kwa kusema "serikali itaandika jina lake kwenye nyumba" ndio hao hao ninaowakuta wamesaini kwenye kioo cha simu mkataba wasiousoma.

Hofu hiyo ya jina nayo ina chembe ya ukweli, acha niitenganishe. Kuna ruzuku tupu: kazi inafanyika, mambo yameisha. Mpango wa Philadelphia uitwao Basic Systems Repair Program hutengeneza bure umeme, mabomba, mfumo wa joto, paa na sehemu za jengo zinazotishia kuanguka, kwa wenye nyumba wanaoishi humo na waliostahili kwa kipato. Kuna pia mkopo unaosamehewa: jiji husajili deni juu ya nyumba, hulipi riba wala rejesho, na deni hufutika ukikaa kwa miaka waliyoiandika. Ukiuza kabla, unarudisha sehemu au yote. Huo si mtego. Ni jiji kuhakikisha kwamba halijampambia dalali nyumba ya kuuza. Uliza tu ni aina gani, miaka mingapi, na nini kitatokea ukifariki, kisha saini.

Kingine kinachokwamisha maombi mengi ni hati. Ripoti ya taasisi ya Pew ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya nyumba 10,000 mjini Philadelphia ambazo hati zake hazina jina la anayejiona ndiye mwenye nyumba. Nyingi ni nyumba za bibi aliyefariki na mirathi haikufunguliwa. Kwetu tuna namna yetu: nyumba ilinunuliwa kwa jina la mjomba kwa kuwa ndiye aliyekuwa na rekodi nzuri ya mikopo, mjomba kahamia Texas, na wewe ndiye unayelipa kila mwezi. Au ulisaini mkataba wa kulipa kidogo kidogo kwa muuzaji ambaye hati atakukabidhi mwisho wa safari. Machoni pa mpango wa jiji, huenda wewe si mwenye nyumba. Kulirekebisha hili huchukua miezi na huhitaji wakili wa msaada wa kisheria, kwa hiyo shughulikia hati wakati hita bado inanguruma.

Haya, ya vitendo, harakaharaka. Miji mingi ina namba 311 kwa huduma za jiji; 211 hukupeleka kwa mashirika ya misaada. Sema hivi: mimi ndiye mwenye nyumba, ninaishi humo, nina dharura, naomba mpango wa matengenezo ya dharura. Usianze na kabati za jikoni wala rangi ya sebule, utawekwa foleni nyingine. Andaa kitambulisho, hati, uthibitisho wa kipato cha kila mtu mzima anayeishi humo, bili ya maji na ya kodi ya jengo. Una malimbikizo ya kodi? Omba mpango wa kulipa kwa awamu kwanza, maana miji mingi hukubali hilo. Tatizo ni joto tu? Uliza mpango wa serikali kuu wa kusaidia gharama za nishati, LIHEAP. Katika majimbo mengi sehemu yake ya dharura hutengeneza au kubadilisha hita. Bomba kati ya barabara na nyumba kwa kawaida ni lako, si la jiji, ingawa Philadelphia, kwa mfano, hutoa mkopo usio na riba kwa kazi hiyo. Unaishi nje ya mji, kijijini? Wizara ya kilimo, naam, ya kilimo, hukopesha hadi dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1, na mwenye miaka 62 au zaidi asiyeweza kulipa mkopo huweza kupata ruzuku ya hadi dola 10,000. Foleni ya jiji ikiwa ndefu, na mara nyingi ni ndefu kuliko inavyopasa, jaribu mashirika ya Habitat for Humanity au Rebuilding Together wakati unasubiri, usikae na fomu moja. Mpangaji hana haja na lolote kati ya haya. Mwandikie mwenye nyumba, asipotengeneza ita mkaguzi wa jiji.

Omba mkalimani. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi, kwa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mtoto wa darasa la sita asitafsiri masharti ya deni juu ya nyumba ya wazazi wake.

Na wewe uliyemsainia kijana wa fulana jana jioni, sebuleni kwako: kanuni ya serikali kuu hukupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuuvunja mkataba huo, kwa maandishi, bila kutoa sababu. Kuna mwanya mmoja. Kama ni wewe uliyemwita kwa dharura ya kweli, ukaandika kwa mkono wako kwamba kazi ni ya dharura na unaiacha haki hiyo, huenda umeshaipoteza. Kaangalie karatasi zako usiku huu.