Boksi la mvinyo wa Dodoma na hesabu ya muuza duka wa Geita

HAPA Kanda ya Ziwa karibu kila mtu anajua bei ya dhahabu kwa gramu, bei ya pamba kwa kilo na bei ya mchele kwa gunia. Ni wachache wanaoweza kukueleza kwa nini chupa moja ya mvinyo wa Dodoma ni nzuri na nyingine ni chungu kama dawa, wakati zote zimetoka rafu moja na kwa bei moja. Ujinga huo una gharama, na wanaoilipa ni wawili: mkulima wa zabibu aliye mbali na mfanyabiashara mdogo aliye karibu na mnywaji.

Agosti 2025 jirani yangu, mama mwenye duka la vyakula na vinywaji hapa Geita mjini, alinijia na swali. Alikuwa amedunduliza sh 500,000 na kuna mtu alikuwa amemshauri azitie zote kwenye mvinyo, kwa hoja kwamba mji umekua na wafanyakazi wa migodini na wafanyabiashara wa dhahabu hawataki bia peke yake.

"Bwana shamba," aliniambia (ndivyo anavyoniita, ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba mimi ni mchumi wa kilimo), "wewe umesoma mambo haya. Niweke hela yangu huko au niache?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tusikisie. Tukachanga, tukaagiza boksi moja tu la mchanganyiko kutoka kwa muuzaji wa Dodoma: chupa 12, aina nne, kila aina chupa tatu. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na sukari, mweupe mkavu, mwekundu mtamu na mweupe mtamu. Mpango ulikuwa hivi: chupa moja ya kila aina tuionje mara mzigo ukifika, ya pili ikae kwenye rafu ya duka lake lenye bati lisilo na dari, na ya tatu ikae kwenye chumba changu cha kuhifadhia mpunga, chenye dari na giza. Baada ya miezi mitatu tungeonja tena.

Zabibu mara mbili kwa mwaka

Kabla ya kufungua boksi, msomaji ni vizuri ajue kilichomo. Zabibu ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki na ikakubali ardhi ile kame. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja na ni haba, jambo linaloua mahindi lakini linaloipunguzia zabibu magonjwa ya ukungu. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari au Machi na tena kuanzia Agosti, wakati mwenzake wa Ufaransa au Afrika Kusini huvuna mara moja.

Aina inayolimwa zaidi ni Makutupora nyekundu, iliyobeba jina la kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI). Kwa mvinyo mweupe wengi hutumia Chenin Blanc. Wakulima wasiopata mnunuzi wa zabibu mbichi hukamua na kuuza kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu kwa viwanda vinavyofungasha. Zabibu ikishaiva haisubiri. Asiye na soko ndani ya siku chache huuza kwa bei yoyote anayotajiwa.

Serikali nayo imeweka unafuu. Mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa zabibu za nje. Kwa hiyo chupa ya Dodoma huanza safari ikiwa na nafasi nzuri ya kushindana. Swali ni inafika vipi.

Safari ya boksi

Boksi letu lilikuja kwa basi. Lilipita Singida, Nzega na Shinyanga, likakata Usagara kuelekea Kigongo. Zamani hapo mzigo ungesubiri kivuko juani pamoja na abiria. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, hadi Busisi, na kero ya foleni ya kivuko imekwisha.

Lakini daraja halikuweza kuzuia uzembe wa stendi. Basi lilifika usiku, nasi tukapigiwa simu kesho yake saa nane mchana. Kijana wa bodaboda alilikuta boksi limewekwa nje ya ofisi ya mizigo, kwenye jua, chini ya magunia mawili ya vitunguu. Lilipofika nyumbani chupa zilikuwa za moto kiganjani. Moja ilikuwa imesukuma kizibo chake juu kiasi cha upana wa kucha, na shingo yake ilikuwa inanata.

Tuliziacha zipoe siku mbili. Jumapili jioni tulikaa watu wanne: mimi, mama wa duka, kijana dalali wa dhahabu na mzee mmoja aliyekuwa karani wa kupima pamba katika chama cha msingi. Kila chupa ilifungwa gazeti na kupewa namba ili mtu asihukumu kwa lebo. Mezani tuliweka maji, karanga, michembe na sato wa kukaanga.

Mweupe mkavu ulinukia ndimu na embe bichi, na wote tuliukubali pamoja na samaki. Mwekundu mkavu ulikausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea majani. Dalali aliusukuma pembeni, lakini mzee alimega kipande cha sato, akanywa tena, akasema unataka nyama. Mwekundu mtamu, wenye ladha ya zambarau, ulikwisha kwanza.

Chupa ya nne ndiyo ile iliyosukuma kizibo. Mvinyo mweupe mtamu ulikuwa umegeuka rangi ya chai na ulinuka siki. Mama wa duka aliunywa, akakunja uso, akasema: "Si ndivyo mvinyo ulivyo?" Alishawahi kunywa mmoja kama huo harusini, na tangu siku hiyo aliamini mvinyo wa Dodoma ni mkali.

Mzee akamjibu: "Hapana mama. Hiyo ni fifi."

Msomaji wa Shinyanga hahitaji maelezo. Pamba safi na pamba fifi hutoka shamba moja, hutofautishwa na mkono na jicho la anayepokea, na bei yake si moja. Asiyejua kuzitenga hulipa fifi kwa bei ya safi.

Nilimpigia muuzaji wa Dodoma. Alikubali kuirudishia chupa, lakini kilichonishangaza ni kauli yake kwamba hakuna mteja wa huku aliyewahi kulalamika. Naamini alisema kweli. Mteja asiyejua kuonja halalamiki. Hunyamaza, halafu safari ijayo hununua chupa ya Afrika Kusini au hurudi kwenye bia. Mkulima wa Hombolo aliyepogoa na kupalilia hatajua kamwe kwamba amempoteza mteja huyo stendi ya mabasi.

Baada ya miezi mitatu

Novemba tulikaa tena, watu wale wale. Katika chupa nne zilizolala chumba cha mpunga, zote zilinyweka, na mwekundu mkavu ulikuwa umelainika kuliko mwanzo. Katika nne zilizosimama kwenye rafu chini ya bati, mbili hatukuzimaliza. Mweupe mkavu ulikuwa umepoteza harufu ya ndimu na kunuka matunda yaliyochemshwa, na mwekundu mkavu ulikuwa umepooza. Mitamu miwili ilivumilia, ingawa mweupe ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

Jaribio la chupa 12 si utafiti wa kisayansi, lakini sababu zinajulikana. Joto huharakisha kuzeeka kwa mvinyo na hutanua kimiminika hadi kikasukuma kizibo. Hewa ikiingia, mvinyo huchakaa na bakteria huugeuza siki. Mwanga nao huharibu, hasa mvinyo mweupe ulio kwenye chupa isiyo na rangi. Chupa yenye kizibo cha gome ikisimama wima muda mrefu, kizibo hukauka na kupitisha hewa. Kwa hiyo ilazwe. Yenye kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama.

Hesabu yenyewe

Sasa turudi kwenye sh 500,000 za jirani yangu. Tuchukulie mfano kwamba chupa inamfikia dukani kwa sh 12,000 pamoja na nauli ya mzigo, naye anaiuza sh 15,000. Boksi la chupa 12 linamgharimu sh 144,000 na kumwingizia sh 180,000. Faida ni sh 36,000, sawa na asilimia 25. Inapendeza.

Chupa moja ikiharibika, faida inashuka hadi sh 21,000. Zikiharibika mbili inabaki sh 6,000. Zikiharibika tatu amepata hasara ya sh 9,000. Katika biashara hii faida yote imejificha katika chupa tatu.

Kuna hesabu ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ni ya muda. Tuseme fedha hiyo hiyo ya sh 144,000 akiizungusha kwenye bia na soda inampa asilimia 5 tu kila wiki, yaani sh 7,200. Katika wiki tano atakuwa amepata sh 36,000, sawa na faida yote ya boksi la mvinyo. Maana yake ni kwamba boksi lisipokwisha ndani ya wiki tano, bia imelishinda, hata kama hakuna chupa iliyoharibika. Likikaa miezi mitatu, bia itakuwa imempa zaidi ya mara mbili.

Tena fedha ya ukanda wa dhahabu haina ratiba. Duara likitema, mji mzima unakunywa. Likikauka, hata aliyekuwa akinunua kreti anaomba maji. Mwenye duka aliyefungia mtaji wote kwenye bidhaa inayotoka polepole hana cha kununulia unga na sukari wakati huo wa ukame.

Nini kifanyike

Kwa mfanyabiashara anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni huu. Kwanza, hakikisha una leseni ya vileo kutoka halmashauri yako, na ununue chupa zenye alama ya ubora ya TBS na stempu ya kielektroniki ya kodi, iliyoanza kutumika kwenye mvinyo mwaka 2019. Usimuuzie aliye chini ya miaka 18. Pili, agiza kidogo na mara kwa mara. Tatu, mwombe muuzaji atume mzigo kwa basi la usiku, nawe uwepo stendi linapofika. Kagua kila chupa kabla ya kusaini: kizibo kilichoinuka, shingo inayonata na mvinyo mweupe uliogeuka kahawia ni sababu za kukataa. Nne, weka rafuni chupa mbili za maonyesho, nyingine zilaze chumba chenye giza na ubaridi. Tano, fungua moja uionje. Huwezi kutetea bei ya kitu usichokijua.

Hata msomaji asiyekunywa pombe ana cha kuchukua hapa. Katika barabara ile ile ya Singida, mafuta ya alizeti hupangwa kwenye chupa za plastiki kando ya lami, juani kutwa nzima, na hugeuka harufu kwa sababu zile zile za joto, hewa na mwanga. Thamani aliyoitengeneza mkulima shambani inaweza kuibwa na jua kabla mnunuzi hajafungua kifuniko.

Jirani yangu hakutia sh 500,000. Alinunua boksi moja, nusu mwekundu mtamu na nusu mweupe mkavu, na kwenye ukuta wa duka akaandika kwa chaki tarehe ya wiki ya tano. Nilipopita wiki ya tatu zilikuwa zimebaki chupa nne. Alinionyesha zilipolazwa, nyuma ya magunia ya mchele, akaniambia mteja mmoja amerudisha chupa kwa madai kwamba imeharibika.

"Ukamrudishia hela?" nilimuuliza.

"Nilionja kwanza," alisema. "Ilikuwa safi. Nikamwambia akale na nyama."

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayeishi Geita.