Kinachoua Bustani ya Matete

Shule ya bweni yenye wanafunzi 300 huzalisha maji taka mchana na usiku: vyooni, mabafuni, na jikoni kunakooshwa masufuria ya ugali. Kijijini hakuna bomba la kuyapeleka kokote, na mtambo wa mota haufai mahali ambapo umeme hukatika na fundi yuko mbali. Ndiyo maana napendekeza ardhioevu ya kutengenezwa, yaani bustani ya matete. Majaribio yake yalianza Ujerumani miaka ya 1950 kwa mwanabotania Käthe Seidel. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeitafiti kwa miaka mingi, na Iringa bustani kama hizi zimejengwa katika Shule ya Sekondari ya Ruaha na Chuo cha Ualimu Kleruu.

Maji huanzia kwenye karo. Humo vitu vizito hutuama na kuwa tope, mafuta huelea, na maji ya katikati ndiyo yanayokwenda bustanini. Bustani yenyewe ni shimo la kina cha sentimita 60 hivi, lililosakafiwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa au nailoni nzito, likajazwa kokoto na kupandwa matete. Maji hupita polepole kati ya kokoto, chini ya uso wake, kwa siku kadhaa, hivyo mbu hawapati pa kutaga. Wengi hudhani matete ndiyo yanayokula uchafu. Kazi kubwa hufanywa na bakteria walioganda kwenye kokoto na mizizi.

Yanayotoka huwa maangavu, na hapo watu hudanganyika. Vijidudu vimepungua sana, lakini havijaisha. Mwagilia migomba na miti. Usimwagilie mchicha wala nyanya za kachumbari.

Bustani inapokufa, mara nyingi ugonjwa umeanzia kwenye karo. Hesabu ya kawaida ya wahandisi ni lita 40 hivi za tope kwa mtu kwa mwaka. Kwa wanafunzi 300 ni lita 12,000. Karo likijaa, tope halitulii tena, linasafiri hadi kwenye kokoto. Zikishaziba, maji hupanda juu, harufu na mbu hurudi, na mara nyingi hakuna dawa ila kuzichimbua kokoto na kuziosha.

Kupima tope ni rahisi. Chukua mti mrefu, uuzungushie taulo jeupe, fungua mfuniko, usogee kando gesi itoke, kisha uteremshe mti taratibu hadi chini. Uache dakika chache, uutoe. Sehemu iliyopakaa weusi ndiyo kina cha tope. Likifika theluthi ya kina cha karo, linyonywe. Mtu asiingie humo kamwe, hewa yake inaua.

Kinachoniuma ni kwamba fedha za ujenzi hupatikana, lakini za kunyonya karo hazimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Na masika, gari la kunyonya huenda lisifike kabisa. Shule ya namna hiyo ijenge sehemu ya kukaushia tope siku zilezile inapojenga karo: tabaka la mchanga juu ya kokoto, lenye uzio, mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko ili tope lishuke lenyewe kwa kufungua koki. Likishakauka bado lina mayai ya minyoo, kwa hiyo lifukiwe kwenye mashimo ya kupandia miti, si kwenye matuta ya mboga.