Kazi ya Kusoma Mikia

Namshika panya shinani mwa mkia, namwinua kidogo, natazama. Panya mzima huukaza mkia na kuuzungusha. Ukining'inia tu, naandika 1. Miguu ya nyuma ikidhoofika, 2. Ikipooza kabisa, 3, na hapo chakula huwekwa chini kizimbani, kwa kuwa hawezi tena kujiinua kukifikia. Namba 4 siipendi, ila nayo huandikwa.

“Kwa hiyo mjomba, Ujerumani ulifuata mikia?” mpwa wangu aliniuliza kwenye simu kutoka Tanga. Nikamwambia ndiyo, na nalipwa.

Ugonjwa huu panya haupati mwenyewe. Tunampa. Tunamdunga kipande cha protini ya mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika mishipa ya fahamu, kikiwa kimekorogwa na mafuta yenye vimelea vya kifua kikuu vilivyokufa. Tunaongeza na sumu ya kifaduro. Kinga ya mwili hushtushwa na vimelea, ikaikamia na mayelini pia. Baada ya wiki moja na ushei hadi mbili, chembe za kinga huingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, uvimbe ukaanza, ala ikachunika. Ugonjwa wa binadamu tunaoufuatilia hapa ni multipo sklerosisi.

Mbinu hii ya kuwapa panya ugonjwa, asili yake ni chanjo. Mwaka 1885 Louis Pasteur alianza kuwachanja watu waliong'atwa na mbwa wenye kichaa, kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Wengi walipona, lakini wachache walipooza, na si kwa kichaa cha mbwa. Kosa lilikuwa la virusi au la nyama ya ubongo yenyewe? Mwaka 1933, huko New York, Thomas Rivers na wenzake waliwadunga kima ubongo wa sungura wazima, tena na tena. Baadhi wakapooza.

Je, panya husema kweli? Si siku zote. Kuzuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF kuliwafaa panya. Dawa ya namna hiyo, lenercept, ilipojaribiwa kwa wagonjwa, walizidiwa mara nyingi zaidi. Matokeo yalichapishwa 1999. Upande wa pili kuna natalizumab, inayozuia chembe za kinga zisivuke kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Wazo lake lilithibitika kwa panya wakubwa mwaka 1992, na Marekani ikaidhinisha dawa hiyo 2004. Miezi michache baadaye iliondolewa sokoni: virusi vya JC, ambavyo watu wengi wanavyo bila kujua, viliamka kwenye ubongo wa wagonjwa wachache, na wengine wakafa. Hilo vizimba vyetu visingelionyesha kamwe, maana virusi hivyo makao yake ni binadamu. Dawa ilirudi 2006 kwa masharti, na siku hizi mgonjwa hupimwa damu kwanza kujua kama amewahi kuambukizwa.