Kufifia kwa boti ya faiba si mwisho wa uhai wake

BOTI ya faiba inapokaa miaka mingi chini ya jua la pwani, rangi yake hufifia, mng'aro hutoweka na ubavu ukiguswa huacha unga mweupe kiganjani. Baadhi ya wamiliki hudhani chombo kimekwisha, wengine hukimbilia kopo la rangi. Mara nyingi hakuna haja ya gharama hiyo.

Kinachochakaa ni jelikoti, yaani tabaka gumu la nje lenye rangi, ambalo unene wake kwa kawaida ni takriban nusu milimita. Miale ya jua na oksijeni hulishambulia taratibu hadi likageuka unga. Chini ya unga huo aghalabu hubaki jelikoti nzima.

Majahazi ya mbao yalitunzwa kwa njia nyingine. Ubavu ulipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa, na sehemu ya chini ikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mbao hunywa mafuta, faiba hainywi. Mafuta juu ya jelikoti hung'aa siku chache tu, kisha hunasa vumbi.

Kazi huanza kwa kuosha boti kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kuikausha kivulini. Fundi hujaribu kwanza sehemu ndogo kwa dawa ya kusugulia na kitambaa. Mng'aro ukirudi, msasa hauhitajiki. Usiporudi, hutumika msasa wa maji, kuanzia namba 800 au 1000, kisha 1500 na kuendelea, na baada yake dawa ya kusugulia.

Mashine ya kung'arishia haipaswi kutuama mahali pamoja, kwani joto huunguza jelikoti, hasa kwenye kingo ambako tabaka ni jembamba. Nyuzi za faiba zikianza kuonekana, kazi isimamishwe mara moja. Hapo maji yaweza kupenya, na tiba ni jelikoti mpya au rangi maalumu ya boti. Nyufa nazo huzibwa kwanza, kwa kuwa kung'arisha hakuziponyi.

Fundi avae barakoa na miwani. Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, inayopakwa chini ya mstari wa maji, isipigwe msasa mkavu, kwa sababu nyingi huwa na shaba yenye sumu. Vumbi lake lisiachwe litiririkie baharini.

Hatua ya mwisho ni nta, inayokinga jelikoti dhidi ya jua na chumvi. Katika nchi za joto huisha mapema, hivyo yafaa ipakwe upya kila baada ya miezi michache. Jelikoti iliyosuguliwa hairudi, na kila usugulizi hupunguza akiba. Nta ya mara kwa mara ndiyo humwepusha mmiliki na msasa.