Mkojo wafichua siri ya saratani ya wanaume

WANAUME wengi hukwepa hospitali hadi mambo yaharibike. Saratani ya tezi dume hupata mwanya hapo, kwani mara nyingi mwanzoni haina maumivu.

Kipimo cha damu, PSA, husaidia, lakini hupanda pia tezi ikiwa imekua tu kwa sababu ya umri. Hapo mzee hudungwa sindano ili vipande vya tezi vichunguzwe, na pengine arudie tena.

Mnamo 1999, watafiti wa Uholanzi na Marekani walitangaza jeni, PCA3, inayofanya kazi kupita kiasi katika saratani hiyo. Kwa kawaida RNA hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Ile ya PCA3 haitengenezi protini yoyote. Je, ni takataka?

La hasha! Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba huidhoofisha jeni nyingine, PRUNE2, ambayo huzuia uvimbe kukua. Ni kama gari lililokatika breki mteremkoni.

Daktari akiipapasa tezi, chembe zake hutoka na mkojo, pamoja na RNA hiyo. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kipimo chake, kimsaidie daktari kuamua iwapo mwanamume ambaye sindano haikumwonyesha saratani anahitaji kudungwa tena.

Basi mzee, ukifika miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au ndugu yako aliugua, zungumza na daktari. Usingoje maumivu. Nanyi akina mama, mkumbusheni!