‘Upasuaji wa kamera’: Tuchague jina lisilompotosha mgonjwa

HUKU Nakuru, Njoro na Molo, ukiuliza fulani alitolewaje kifuko cha nyongo, huenda ukajibiwa: “Hakupasuliwa, alifanyiwa ile ya kamera.” Jibu hilo linahitaji kuchambuliwa, kwa maana mgonjwa hutia sahihi fomu kwa kutegemea maneno aliyoambiwa.

Ukweli ni kwamba alipasuliwa. Kilichobadilika ni njia. Badala ya mkato mrefu, daktari hutoboa matundu machache, mengi ya milimita 5 hadi 10. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni ili ukuta wake uinuke. Tundu moja hupitisha mrija wenye taa na kamera. Mengine hupitisha mikasi na koleo ndefu. Zamani daktari alichungulia mrijani kwa jicho lake, kama Hans Christian Jacobaeus alivyofanya kule Stockholm mnamo 1910. Kamera ndogo za video zilizoenea miaka ya 1980 zilileta picha kubwa kwenye skrini, na msaidizi naye akaona anachokishika.

Sasa jina. “Upasuaji wa tundu la ufunguo” ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Mgonjwa atauliza ufunguo uko wapi. “Upasuaji usio na uvamizi mkubwa” unatisha zaidi, maana kwetu Bonde la Ufa mvamizi ni mtu wa kuja usiku na panga.

La hatari hasa ni “upasuaji mdogo”. Kidogo ni kovu, si kazi. Mgonjwa bado hupewa nusukaputi, utumbo au mshipa waweza kujeruhiwa, na damu au makovu ya zamani yakimzuia daktari kuona, hulazimika kulifungua tumbo. Aliyeambiwa “mdogo” kisha akaamka na mshono mrefu atasema alidanganywa, na sitamlaumu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia pia kiwango chake cha kusoma na kuandika.

Wapo wanaopendelea “darubini”, neno lenye asili ya Kiajemi: ‘dur’ ni mbali, ‘bin’ ni kuona. Ni neno zuri, ila kwa wengi wetu darubini ni ya kutazamia heroe Ziwa Nakuru. Kamera imeshinda, tusibishane nayo.

Mimi nasema “upasuaji wa matundu kwa kamera”. Ni refu kidogo, najua, na watu watalikata. Wakilikata, wasiyaache matundu. Kule Bomet, hospitali ya Tenwek imejulikana kwa kuwahudumia wagonjwa wa saratani ya umio: kamera hupitia mdomoni, na hata mrija wa kupanua njia ya chakula huweza kuwekwa bila tumbo kutobolewa popote. Huyo naye atakwambia amefanyiwa “ile ya kamera”.