Hodi kwenye mlango usiokuwepo: moduli za Linux zinazojipakia kifaa kinapofunguliwa

Mwaka jana nilirithi kazi. Mwenzetu aliyetangulia alikuwa amerekodi hadithi za Kisanga kwa bibi mmoja wa kijijini, akaziandika sentensi kwa sentensi, na juu ya kila silabi akatia alama ya toni. Kila alama aliihakikisha mbele ya bibi mwenyewe. Bibi huyo amekwisha kufariki, na hatuwezi kumrudia na swali. Mimi nilitakiwa kusikiliza upya na kulinganisha toni za nomino na za vitenzi.

Faili zilikuwa za programu ya zamani ya kunukuu mazungumzo. Nilizifungua kwenye kompyuta ya Linux ya chumba chetu cha kusomea. Maandishi yakatokea, mawimbi ya sauti yakatokea, lakini nilipobonyeza ili nisikie, programu ikajibu kwamba imeshindwa kufungua /dev/dsp. Muziki ulilia vizuri katika programu nyingine, kwa hiyo spika hazikuwa na kosa. Wenzangu wengi watakutana na faili za namna hii, ndiyo sababu naeleza nilichojifunza.

Katikati ya Linux kuna kiini, yaani kerneli, kinachosimamia vifaa vyote. Kiini hakibebi ujuzi wa kila kifaa wakati wote. Sehemu kubwa ya ujuzi huo imegawanywa katika moduli, nazo hukaa kwenye diski, ndani ya /lib/modules, mpaka zihitajiwe. Programu inayozipakia huitwa modprobe.

Moduli inaweza kuitwa kwa njia mbili bila mtu kuandika amri. Ya kwanza ni kuchomeka kifaa: kinasa sauti cha USB hujitaja kwa namba zake, na moduli inayolingana nazo hupakiwa. Ya pili, iliyonihusu mimi, ni programu kufungua faili ya kifaa ndani ya /dev. Hapo programu ni kama mgeni anayepiga hodi.

Kila faili ya kifaa ina namba mbili, kubwa na ndogo. Sisi tunaosoma lugha za Kibantu hatuwezi kushangaa: tukisema ngeli ya 7, kila mmoja anajua ni ki-, ingawa namba yenyewe haina sauti wala maana, ni mapatano tu. Namba kubwa ya kifaa ni kama ngeli. 14 ni ngeli ya sauti kwa utaratibu wa zamani uitwao OSS. Namba ndogo inamtaja mmoja ndani ya ngeli: 0 ni /dev/mixer, 3 ni /dev/dsp.

Programu ikifungua faili yenye namba 14 na 3, na kiini hakina wa kuipokea, hakimfukuzi mgeni mara moja. Kinatunga jina kutokana na namba hizo, char-major-14-3, na kumpa modprobe. Nayo hutafuta jina hilo katika orodha ya majina ya badala, ambayo ni kama kamusi: upande mmoja jina linaloitwa, upande wa pili moduli inayoitika. Ikiipata, inaipakia, na programu inaendelea bila kujua kilichotokea nyuma ya mlango.

Kwa nini basi kwangu haikuwa hivyo? Kuanzia kiini cha toleo la 2.6, lililotoka mwaka 2003, sauti husimamiwa na ALSA, na OSS imebaki kwa kupitia mkalimani, moduli iitwayo snd-pcm-oss. Lakini siku hizi faili nyingi za /dev huundwa baada ya moduli kupakiwa. Moduli ilingoja hodi ili iingie. Mlango ulingoja moduli ili uwepo. Programu yangu ilifika mahali pa ukuta mtupu, na kiini hakikusikia chochote.

Kwanza nilihakikisha kwamba moduli ipo kwenye diski:

modinfo snd-pcm-oss

Kama haipo, hatua zinazofuata hazitasaidia, kwa maana baadhi ya matoleo ya Linux yameiacha. Ilikuwepo. Kisha, kwa ruhusa ya msimamizi, niliandika faili mbili. Ya kwanza, /etc/tmpfiles.d/dsp.conf, inajenga mlango kila kompyuta inapowaka:

c /dev/dsp 0660 root audio - 14:3

Ya pili, /etc/modprobe.d/dsp.conf, inaongeza neno katika kamusi:

alias char-major-14-3 snd-pcm-oss

Herufi c ni ya kifaa cha mfululizo. 0660 na audio zinaruhusu watumiaji wa kundi la audio peke yao, kwa hiyo hakikisha nawe umo. Nilizima kompyuta, nikaiwasha. Amri lsmod haikuonyesha moduli ile. Nikafungua programu, nikabonyeza, nikarudia lsmod: snd_pcm_oss ilikuwemo.

Ningeweza pia kuandika jina la moduli katika /etc/modules-load.d ili ipakiwe kila asubuhi. Ni njia fupi, na haina ubaya. Lakini kompyuta ile ni ya wote, na wengi hawatagusa faili za zamani kamwe. Asiyefungua mlango ule hana haja ya kubeba mkalimani wake.

Sauti ya bibi ikatoka, na nyuma yake jogoo. Katika sentensi ya nne nilisikia toni ya juu mahali ambapo mimi, kwa kusoma maandishi tu, ningedhani mwenzetu amekosea alama. Hakukosea.